Bwana Anasema Karibu

Muscat, 5 Mei 2025

Ndugu Hilari,

Salaam. Jina lako nimelipata kwa binamu yangu Ruaa, anayesema wewe ndiye uliyeifanya intaneti ya ofisi yao iache kukwamakwama. Mimi naitwa Jihan, mtoto wa Mtendeni, nafanya kazi kwenye duka la dawa huku Muscat. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ndizo zilizonichosha.

Mama yangu, Bi Tufaha, yuko hapo Tabora, nyumba ya Ghalibu bin Azhar, ile yenye mlango mkubwa wa mbao uliopigwa misumari ya shaba. Ukifika Mtendeni taja jina hilo tu, utaoneshwa. Nampigia kila siku kwa video, kwa waifai ya nyumbani, na kila siku ni vita. Namuuliza, "Mama, umekula?" Kimya. Nadhani hakusikia, narudia. Hapo hapo jibu la kwanza linaingia, tunagongana, nanyamaza, naye ananyamaza, halafu tunaanza wote kwa pamoja kama watu wanaopishana mlangoni. Wiki iliyopita nilimuuliza jambo zito. Akakaa kimya mpaka nikamaliza kuosha vyombo. Jibu lilipokuja halikunipendeza, nikakata simu, na hadi leo sijui kama nimegombana na mama yangu au na kile kisanduku cha waifai chenye taa.

Kampuni ya intaneti inasema kasi ni nzuri. Nimelipia kifurushi kikubwa zaidi na hakuna kilichobadilika. Nenda ukaangalie, tafadhali. Sitaki kasi, nataka nikimwita mama aitike palepale, kama zamani nilipokuwa namwita kutoka uani.

Jihan Ghalibu


Muscat, 5 Mei 2025

Mama yangu, shikamoo.

Atakuja fundi anaitwa Hilari, kijana wa Usoke. Muache aguse kile kisanduku, hata akikifungua usiogope.

Mama, lile swali nalirudia kwa maandishi kwa sababu kwenye simu tulivurugana. Tangu baba atutoke mwaka juzi uko peke yako kwenye nyumba ya vyumba ambavyo hata paka hawavimalizi. Mimi nina chumba cha ziada. Kina dirisha, na chini kuna Mhindi anayeoka mikate, harufu yake inapanda asubuhi mpaka kitandani. Viza ni kazi yangu. Sikwambii uuze nyumba, sikwambii umsahau baba. Nakwambia uje.

Ulinijibu, "Bwana anasema nibaki." Nilikasirika, nisamehe. Najua ni namna yako ya kuendelea kukaa naye. Lakini baba hasemi tena, mama. Sema wewe.

Mwanao, Jihan


Tabora, 12 Mei 2025

Dada Jihan,

Habari za huko kwenye joto. Huku asubuhi kumeanza kuwa na baridi na mimi nalala na soksi.

Nimefika nyumbani. Nilipiga hodi mara mbili, mzee akanikaribisha kutoka ndani kwa ile sauti yake nzito, nikaingia hadi barazani. Bi Tufaha akatoka na kahawa na kashata. Kisanduku kiko hapo hapo barazani juu ya kabati, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuvuka mlango wa ndani, na nashukuru, maana nyumba za watu wazima zina heshima yake.

Tatizo nimeliona na wala halikunichukua muda. Mpangaji wenu wa chumba cha mbele, Ngollo, anauza filamu za kuingiza kwenye flashi. Anazipakua kutwa nzima kwa waifai ya mama. Sasa, dada, kasi na kuchelewa ni vitu viwili tofauti. Waliotengeneza visanduku vya zamani waliona ni aibu kutupa chochote kinachofika, wakakipa kisanduku ghala kubwa. Kila kitu kinaingia ghalani na kusubiri zamu. Baba yangu analima tumbaku, na siku ya soko pale Urambo nimeona mtu mwenye robota moja la tumbaku la kubeba kichwani akikaa nyuma ya malori mawili hadi jua linazama. Hiyo ndiyo sauti ya mama yako. Robota lake ni dogo, lakini liko nyuma ya filamu za Ngollo.

Siku hizi kuna programu nyingine, watu wameihangaikia miaka mingi. Inampa kila mmoja mstari wake, mwenye mzigo mdogo anapita bila kukaa, na mstari wowote ukianza kurefuka inatupa kidogo ili anayetuma ajue apunguze. Haingoji ghala lijae. Kisanduku cha zamani hakiwezi kuibeba, nimeweka kingine. Nimepima Ngollo akiwa anapakua kwa nguvu zake zote: kabla, kuchelewa kulikuwa zaidi ya sekunde. Sasa huwezi hata kuhisi kuwa kupo.

Bi Tufaha aliniuliza kama sasa utasikia kila kinachosemwa barazani. Nikamwambia kila kitu. Aligeukia mlango wa ndani, kisha akasema bwana anasema ahsante. Nami nikaaga kwa sauti ili mzee asikie.

Fundi wako, Hilari


Tabora, 16 Mei 2025

Mwanangu Jihan, marahaba.

Bwana anasema nikwambie hatujambo. Naandika kwa mkono na kupiga picha, kwa sababu kidole changu na kile kioo havielewani.

Fundi wako ana adabu. Alikunywa kahawa yetu bila kuikunjia uso, jambo ambalo mumeo wa zamani hakuliweza.

Kuhusu kuja huko, nimeuliza tena. Bwana anasema nibaki. Nakupa jibu kama nilivyolipokea.

Unaniambia niseme mimi. Wewe uliondoka hapa mdogo kwenda shule ya bweni, hodi ya nyumba hii hukufundishwa, na kosa ni langu. Hii nyumba ilijengwa wakati wa misafara. Wanaume walikuwa wanatoka kwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa, wanakaa huko masika na kiangazi. Ndani wanabaki wanawake, na ghala limejaa. Msafara mwingine ukifika mlangoni ukapiga hodi, mwanamke akiitika yeye, basi mgeni ameshajua kuwa mwenyewe hayupo. Kwa hiyo mwanamke wa nyumba hii akiitwa hajibu. Anageukia mlango wa ndani. Anaacha nafasi ya mtu kusema neno lake kutoka chumbani. Halafu ndipo anasema, "Bwana anasema karibu," au "Bwana anasema njooni kesho." Mama mkwe wangu alinifundisha wiki ya kwanza ya ndoa, naye alifundishwa vivyo hivyo. Baba yako alipokuwa akienda Mpanda kununua asali nilifanya hivyo. Alipofariki nikaendelea. Ile nafasi imeachwa humu ndani miaka mingi kuliko umri wa mtu yeyote uliyewahi kumwona.

Basi usidhani ni kisanduku peke yake. Lakini mwambie fundi apunguze tena huko kuchelewa.

Mama yako, Tufaha


Muscat, 22 Mei 2025

Kaka Hilari,

Nilitaka kukushukuru na nimejikuta nakuandikia jambo jingine.

Kazi yako ni safi. Picha haikwami, hatugongani tena. Namuona mama kama yuko upande wa pili wa meza. Lakini bado hajibu palepale! Namuuliza, naona kabisa kuwa amesikia, maana macho yanahama. Anatazama kushoto kwake, kwenye mlango wa ndani. Anakaa. Ndipo anajibu. Mtandao hautazami kushoto. Mama ameniandikia kuwa ni desturi ya zamani ya nyumba, kwamba mwanamke anaacha nafasi ya mwanamume kujibu kwanza. Sawa, nimeielewa. Ila nafasi ya desturi ingekuwa na urefu mmoja. Hii mara fupi, mara ndefu. Jana katikati ya ule ukimya alitikisa kichwa, kama mtu anayekubali.

Ndipo nikarudi kuisoma barua yako. Unasema "mzee" alikukaribisha. Mzee gani? Baba yangu Ghalibu alifariki mwaka juzi. Na hata angekuwepo, sauti yake ilikuwa nyembamba mno, watu wakimpigia simu walikuwa wanamwamkia "shikamoo bibi" naye anaitikia tu kuepusha maneno. Nyumba hiyo haina mzee mwenye sauti nzito.

Kama mama yangu ameolewa kimya kimya, niambie. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini niambie.

Jihan


Tabora, 26 Mei 2025

Dada Jihan,

Pole kwa msiba ambao sikuujua. Ulinitajia nyumba ya Ghalibu bin Azhar, nikaitikiwa na mwanamume, ningejuaje kuwa si yeye?

Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Ngollo. Nikamuuliza, mzee wa humu umewahi kumwona? Akacheka, akasema, "Mzee haonekani, nadhani anaumwa miguu, ila kila nikipeleka kodi ya chumba ananiitikia." Nikamuuliza, hukuwahi kuuliza hali yake? Akanitazama kama nimemtukana. "Niulize ya ndani kwa watu, mimi mpangaji?" Nami ningesema vivyo hivyo. Yaani sote wawili tumemheshimu mtu ambaye hakuna aliyemwona, na heshima ndiyo iliyotufunga midomo. Kwetu Usoke ukiitikiwa hodi na mtu mzima huchungulii kumtafuta.

Nikaingia. Sikupiga hodi safari hii, niliita "Mama!" tangu nje, naye akaja upesi hadi kizingitini. Nikamwambia nimekuja kupima tena. Nikapima, dada, na nakuhakikishia kisanduku hakibakizi kitu. Kinachobaki ni umbali wenyewe wa kutoka Tabora hadi Muscat, na huo siuwezi. Bi Tufaha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Punguza tena, mwanangu." Nikamweleza ya umbali. Akasema, "Basi huku kwetu. Hakuna kinachozuiliwa huku kwetu?"

Hapo nikakumbuka. Kile kishikwambi anachoongelea na wewe, programu yake inafuta sauti za nyuma ili ya mbele isikike vizuri. Kuku, redio, watu wa chumba kingine, vyote inavifuta. Nilimwambia naweza kuizima hiyo. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaizima, na kishikwambi nikakigeuza kidogo, kitazame mlango wa ndani, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anakisukuma kwa kidole.

Halafu mtu akakohoa mle ndani. Nilisema kwaheri nikatoka. Bisibisi yangu nzuri nimeiacha juu ya kabati, na sijairudia.

Hilari


Muscat, 2 Juni 2025

Kaka Hilari,

Nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani siwezi kuandika. Isome halafu uifute.

Jana nilimpigia mama. Nilimuuliza ya kawaida, chai, mgongo, mvua za mwisho. Kisha nikamuuliza lile swali: "Mama, utakuja kwangu?" Safari hii sikurudia, sikujaza ukimya. Nilifunga mdomo na kusikiliza.

Mama akageukia mlango. Na nilimsikia. Si kwa mbali, si mkwaruzo. Mwanamume mtu mzima, ana sauti nzito, hana haraka. Alisema, "Huyu hatoki humu."

Mama akanigeukia, uso haukucheza hata kidogo, akasema kwa ile sauti anayoitumia kuwajibu wageni, "Bwana anasema nije."

Unaelewa, kaka? Muda wote huu nilidhani ni ukaidi wake. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia anajificha nyuma ya marehemu. Kumbe kila mara alikuwa ananiletea jibu kama lilivyotoka, mpaka jana, alipohakikisha kwamba nasikia mwenyewe. Hapo ndipo akalibadilisha.

Naogopa, sioni haya kukwambia. Nimelala na taa ikiwaka kama mtoto. Nimepata likizo na nakuja, lakini ndege ni za wiki ijayo, na sitaki akae humo hadi wakati huo. Tafadhali mtoe. Usipige hodi. Usimwambie chochote ndani ya nyumba. Pasipoti yake iko kwa Ruaa, niliiomba ihuishwe tangu mwaka jana. Mpeleke popote penye watu.

Na ikiwa utakuta mlango wa ndani uko wazi, usitazame.

Jihan


Usoke, 7 Juni 2025

Mwanangu Jihan,

Mimi nasema sijambo.

Niko Usoke kwa wazazi wa fundi. Mama yake, Getruda, ni Mkatoliki wa kukaza, kanipa chumba chenye picha za watakatifu, wote wananitazama na hakuna anayesema neno. Nimelala usingizi mzuri. Watu wa hapa wanaongea Kinyamwezi kutwa, wote kwa wakati mmoja, na hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Raha tupu.

Utataka kujua kwa nini sikukwambia mapema. Ningekwambiaje? Mjane, yuko peke yake, anasikia mwanamume chumbani. Wewe mwenyewe unauza dawa za watu kama hao. Ungenionea huruma, ungenipeleka kwa daktari, na mimi ningeanza kuamini kuwa naumwa. Nilitaka usikie kwa masikio yako, bila mimi kukutajia.

Hakuanza siku baba yako alipofariki. Mwanzo niliiacha ile nafasi na ilikuwa tupu, ilikuwa kilio changu tu. Nilikuwa naisikia sauti nyembamba ya baba yako kwa kumbukumbu, nikawa nafurahi. Kisha siku moja muuza samaki akapiga hodi, nikageukia mlango, na mtu akasema, "Karibu." Hakuwa baba yako, mwanangu. Baba yako ningemfungulia mlango hata kama ametoka kaburini. Huyu simjui. Yeye ananijua. Ananiita kwa jina la mama mkwe wangu, na siku nyingine kwa jina la mtu wa kabla yake.

Nadhani sisi wanawake wa nyumba ile tulimtengenezea mahali. Kila hodi, kila mwito, kizazi hadi kizazi, tunanyamaza tunamngoja mtu ambaye hayupo. Fundi alinieleza ghala la kisanduku, jinsi kusubiri kunavyojaa kukageuka kitu chenyewe. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nilimkazania apunguze kwa sababu nilitaka wewe uwe karibu na mimi kuliko yeye alivyokuwa.

Nilivyotoka ni hivi. Fundi alikuwa ameshanidokezea sokoni; alisimamisha bajaji kwenye kona na hakuita. Nilivaa baibui langu, nikachukua mkoba wa sokoni. Siku zote natoka kwenda sokoni na kurudi, lakini lazima niage, na lazima nijibiwe, na kila nilipoaga na begi jibu lilikuwa moja: nibaki. Safari hii nikasimama barazani nikasema, "Natoka." Nikageukia mlango wa ndani kwa mazoea ya maisha yangu yote. Na nikaona kitasa kinashuka.

Sikungoja. Hiyo ndiyo siri yote, Jihan. Nilisema natoka na nikatoka, neno langu likiwa bado mdomoni. Nyuma yangu nilisikia anaanza kusema, na sijui alisema nini mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimeshavuka kizingiti na bajaji inanguruma.

Njoo unichukue. Siku usiniambie, nimeacha kungoja kitu chochote.

Mama yako, Tufaha


Tabora, 14 Julai 2025

Dada Jihan,

Nafurahi mlifika salama na mama amewazoea watu wa huko. Nyumbani Usoke wanamsalimu, mama yangu anauliza kama kweli Muscat hakuna mtori.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Ngollo amehama. Anasema kodi alikuwa akiipitisha chini ya mlango tangu mama aondoke, na ilikuwa inapokelewa. Hakuniambia zaidi, na vitu vyake alivihamisha mchana kweupe na watu sita.

Ya pili inanihusu. Kwa kuwa sasa hakuna anayetumia waifai, nilikwenda kuking'oa kisanduku. Ni kizuri, ningempa mteja mwingine. Nilikumbuka kila alichoniagiza mama: usipige hodi, usisimame mlangoni, ingia na utoke. Lakini dada, mtu aliyelelewa kwa hodi, hodi inamtoka yenyewe. Niliweka mkono kwenye ule mlango na kinywa kikasema. Na baada ya kusema, nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nikasimama kungoja.

Haikuchukua hata muda wa kupumua. Aliyejibu alikuwa mwanamke. Alisema, "Bwana anasema karibu."

Ilikuwa sauti ya mama yako.

Sikuingia. Nimekuja moja kwa moja ofisini kukuandikia. Pale dirishani niliiona taa ya kisanduku, ya kijani, inawaka vizuri, na ilikuwa inapepesa kama inavyopepesa mtu akiwa anaongea kwa video. Kishikwambi mlikiacha kule, sivyo? Niambie tu jambo moja nipate kulala. Mama yuko hapo? Umemwona leo, kwa macho?

Hilari


Muscat, 14 Julai 2025

Kaka Hilari,

Yuko hapa. Nimemshika bega huku nikikuandikia, mpaka ananiuliza kama yeye amekuwa mwizi. Amenenepa. Ameshagombana na Mhindi wa mikate kuhusu chumvi, na wanapendana. Siku hizi namuuliza kitu anajibu kabla sijafika mwisho, ananikatiza, anaropoka, na mimi nilivyoililia ile palepale nimeipata hadi imenizidi.

Nilimsomea barua yako. Hakustuka nilivyotegemea. Alisema, "Nilimjibia watu miaka arobaini. Amejifunza."

Tulikuwa tunakula simu yake ilipoita. Kwenye kioo paliandikwa Nyumbani. Picha ilikuwa imeshaanza kuonekana kabla ya mtu kupokea, safi, bila chembe ya kukwama: baraza letu, kabati, bisibisi yako juu yake. Na mlango wa ndani, uko wazi. Kisha tukasikia hodi. Iliingia moja kwa moja mezani kwetu, kama mtu amesimama kwenye ngazi zangu. Nami nikahisi shingo yangu inageuka, Hilari. Mimi ambaye sikufundishwa. Nilikuwa nageukia chumba changu mwenyewe cha kulala.

Mama aliikata simu kabla sijamaliza kugeuka. Akasema, "Hatuna nafasi," akaendelea kula.

Nakuomba usiende ndani. Kata waya huko nje, kwenye nguzo. Na kama kuukata huwezi, au ukikata na bado ile taa inawaka, basi tafuta namna ya kuturudishia kile kisanduku cha zamani, chenye ghala kubwa na malori ya Ngollo na foleni yake yote. Kazi uliyoifanya ni nzuri, sijui kuikosoa. Ila umeifupisha njia mno, na sisi bado tuko upande wa pili wake.

Inaita tena. Mama ameikata.

Jihan